Pawabenki ya Kwenda Nayo Kuvua: Piga Hesabu Kwanza, Ndipo Ulipe

Kwa mvuvi wa siku hizi, simu ni kifaa cha kazi kama wavu na kasia. Ndiyo inayokuambia bei ya samaki iko vipi kabla hujaamua utashukia ufuo gani. Ndiyo inayopokea pesa za mama karanga anayekusubiri Shimoni, au za mchuuzi wa omena kule Mbita. Na mambo yakiharibika majini, ndiyo inayopiga 112. Simu ikizima, yote matatu yamezima nayo: soko, malipo na msaada.

Kwa hivyo leo tunaacha kidogo habari za kutuma na kupokea pesa, tuongee kuhusu kinachoifanya simu yako iendelee kuwa hai ukiwa mbali na stima: pawabenki. Madukani zimejaa za kila rangi na kila bei, na zingine zimeandikwa namba kubwa ajabu. Hebu tuangalie jinsi ya kuchagua inayofaa safari yako bila kulipia namba ambazo hazipo.

Anza na safari yako, sio na duka

Mvuvi wa omena wa Ziwa Victoria hutoka jioni na kurudi alfajiri, hasa zile siku za giza ambapo mbalamwezi haishindani na taa zake. Huyo yuko mbali na stima usiku mmoja tu. Mvuvi wa Pwani anayekwenda dago, akapiga kambi siku tatu au nne akifuata samaki, mahitaji yake ni mengine kabisa. Na yule anayetoka na ngalawa asubuhi akarudi adhuhuri, huenda hahitaji pawabenki kubwa hata kidogo.

Jiulize maswali mawili. Nitakaa siku ngapi mbali na stima? Na simu yangu inakula chaji kiasi gani kwa siku?

Swali la pili unaweza kulijibu mwenyewe nyumbani. Chaji simu hadi ijae, iondoe kwenye chaja, itumie kama kawaida, kisha baada ya saa 24 uangalie imebaki asilimia ngapi. Ikiwa imebaki 20, ina maana inakula asilimia 80 kwa siku. Simu janja nyingi za sasa zina betri ya karibu 5,000 mAh; namba hiyo utaipata kwenye boksi la simu. Asilimia 80 ya 5,000 ni 4,000 mAh kwa siku. Dago la siku tatu, basi, linahitaji 12,000 mAh.

Utasema, "Lakini simu yenyewe naondoka nayo ikiwa imejaa." Ni kweli. Ila hizo 5,000 za kwanza usizihesabu. Ziwe akiba ya ile siku ambayo upepo wa kusi utakataa mrudi.

Namba ya juu na namba ya kweli

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh haitatia 10,000 kwenye simu yako. Hiyo sio lazima iwe wizi. Seli zilizo ndani huhifadhi umeme kwa volti 3.7, lakini tundu la USB hutoa volti 5 au zaidi. Umeme ukibadilishwa kutoka volti ndogo kwenda kubwa, ile namba ya mAh hushuka, na sehemu nyingine hupotea kama joto. Ndiyo maana pawabenki hupata moto kidogo ikifanya kazi.

Kinachofika kwenye simu ni kama asilimia 60 hadi 70 ya namba iliyoandikwa. Ukiwa mtu wa kwenda majini, tumia 60 ili usijidanganye:

- Pawabenki ya 10,000 mAh itakupa kama 6,000. Simu ya 5,000 itajaa mara moja na kidogo ibaki. Inatosha usiku mmoja au miwili.
- Pawabenki ya 20,000 mAh itakupa kama 12,000. Hiyo ndiyo hesabu yetu ya dago la siku tatu.

Watengenezaji waaminifu hawafichi jambo hili. Geuza kifaa, usome maandishi madogo ya nyuma penye neno "Rated Capacity". Utakuta namba ya pili, ndogo kuliko ile kubwa ya mbele. Hiyo ndogo ndiyo ya kufanyia hesabu. Kama hakuna maandishi yoyote nyuma, rudisha kwenye rafu.

Pima kwa mkono

Kuna pawabenki zinazouzwa mitaani zikiwa zimeandikwa 50,000 mAh na zinatoshea kwenye mfuko wa shati. Kuzijua hakuhitaji fundi.

Seli ya mviringo inayotumika sana kwenye vifaa hivi ina uzito wa karibu gramu 45 hadi 50, na hubeba takriban 2,000 hadi 3,500 mAh. Kwa hivyo 50,000 za kweli zingehitaji seli 15 hivi, yaani karibu gramu 700 hata kabla ya kuhesabu kava. Pawabenki halisi ya 10,000 huwa karibu gramu 200, na ya 20,000 huwa karibu 400. Ukishika iliyoandikwa 50,000 na ni nyepesi kuliko pakiti ya nusu kilo ya sukari, mkono wako umeshakujibu.

Sio jenereta

Wengine hununua pawabenki wakitarajia pia iwashe taa ya kuvulia. Piga hesabu tena. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 8 inakula wati-saa 40. Pawabenki ya 10,000 mAh ina wati-saa 37 tu, hata kabla ya kupoteza chochote. Usiku mmoja taa imeimaliza yote, na asubuhi mnunuzi amekuja, simu haina kitu. Taa iwe na betri yake. Pawabenki iachie simu.

Maji, na hasa maji ya chumvi

Tafuta herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vumbi, ya pili inahusu maji. Ikiwa ya pili ni 4, kifaa kinavumilia marasho ya maji kutoka kila upande. Ikiwa ni 7, kinaweza kuzama hadi mita moja kwa dakika 30. Kwenye mtumbwi au mashua iliyo wazi, 4 iwe ndiyo ya chini kabisa.

Lakini jua kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ya bahari hula vyuma vya matundu ya kuchajia hata baada ya maji kukauka. Na IP ya juu haikusaidii kitu kama kifuniko cha tundu kiko wazi wakati waya umechomekwa. Kwa hivyo:

- Weka simu na pawabenki ndani ya mfuko usiopitisha maji. Kama huna, kopo la plastiki la mdomo mpana lenye kifuniko cha kuzungusha linafanya kazi vizuri, na likianguka majini huelea.
- Usichaji kitu kilicholowa. Kikilowa maji ya chumvi, kizime, kipanguse kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, kikauke kabisa, halafu fundi akiangalie kabla hujakichomeka tena.
- Usikiache juani wala karibu na jerikeni ya petroli. Betri za lithiamu huharibika kwa joto, na zikishika moto kuzizima ni kazi.
- Pawabenki iliyovimba haina matumizi tena. Usiitoboe na usiitupe ziwani. Wapelekee wanaokusanya taka za elektroniki.

Zile zenye kipaneli cha sola

Zinavutia, kwa sababu jua tunalo. Tatizo ni ukubwa wa kipaneli. Tuseme kinatoa wati 1.5. Kuijaza pawabenki ya wati-saa 37 kutachukua karibu saa 25 za jua kali, na kwa siku unapata kama saa tano za jua la namna hiyo. Siku tano! Tena wakati huo wote betri inachomwa na jua lile lile. Kichukulie kipaneli hicho kama cha dharura tu. Kama kambini kwenu mnataka sola ya kweli, nunueni paneli kubwa inayokunjwa, muitandaze juani, na pawabenki ikae kivulini.

Acha pawabenki kibandani, simu ibaki nawe

Hapa ndipo pawabenki inapokutana na usalama wa pesa zako.

Fuo nyingi zina kibanda cha kuchaji. Unaacha simu asubuhi, unalala, unairudia jioni. Wenye vibanda wengi ni watu waaminifu. Lakini ukiacha simu umeacha laini yako, jumbe zako na akaunti yako ya pesa mikononi mwa kila anayepita hapo. Mtu aliyewahi kukuchungulia ukiweka PIN anahitaji dakika mbili tu.

Pawabenki haina laini wala PIN. Ikiibiwa, umepoteza pawabenki. Simu ikiibiwa na PIN inajulikana, umepoteza mauzo ya wiki nzima. Hata kama unaishi karibu na kibanda na huendi mbali sana majini, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuwa na pawabenki: itume yenyewe ikachajiwe, wewe ubaki na simu mfukoni.

Uliza pia inachukua muda gani kujaa. Ya 10,000 mAh inayopokea wati 10 huchukua kama saa 4 hadi 5. Ya 20,000 itachukua mara mbili ya hapo, na kibanda huenda kikafungwa kabla haijajaa. Kama utanunua kubwa, tafuta inayopokea wati 18 au zaidi, na utumie chaja inayotoa kiasi hicho.

Wakati wa kulipa

- Dukani, omba ijaribiwe na simu yako mwenyewe, na kila tundu lijaribiwe.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla malipo hayajakamilika. Likiwa si la duka wala la muuzaji mnayeongea naye, simama hapo.
- Ukinunua kutoka kwa mtu wa mtandaoni usiyemjua, lipa mzigo ukifika na umeushika. "Tuma nusu kwanza ya kushikilia bei" ni maneno ambayo watu wengi wamelilia.
- Dai risiti yenye muda wa garanti, na usifute ujumbe wa malipo. Huo ujumbe una tarehe, kiasi na jina la aliyepokea. Ukirudi na kifaa kibovu, utakutetea.

Ukiwa majini, tumia kidogo

Simu inayotafuta mtandao bila kuupata hula chaji nyingi. Mkishavuka mahali ambapo mtandao unaishia, weka hali ya ndege. Ramani ya GPS itaendelea kukuonyesha ulipo, mradi uliipakua ukiwa nchi kavu, kwa sababu GPS haihitaji mtandao wa simu. Punguza mwanga wa skrini, na video zisubiri nchi kavu.

Kwa Ziwa Victoria kuna jambo jingine: karibu na mpaka, simu inaweza kushika mtandao wa Uganda au Tanzania bila wewe kujua. Angalia jina la mtandao juu ya skrini kabla ya kupiga simu, usije ukakatwa pesa usizotarajia.

Na usiidharau kabambe. Betri yake ni ndogo, karibu 1,000 mAh, lakini hukaa siku kadhaa, na inapokea malipo kwa ujumbe kama simu nyingine yoyote. Ukiwa nayo ndani ya lile kopo, pawabenki ya 10,000 inaweza kuijaza mara tano na bado ikabaki.

Kabla hujasukuma chombo

1. Pawabenki imejaa, na umeiangalia mwenyewe.
2. Waya unafanya kazi, na upo wa pili.
3. Simu imejaa, na hiyo ni akiba.
4. Vyote viko ndani ya mfuko au kopo lililofungwa.
5. Simu imefungwa kwa neno la siri, na PIN ya akaunti unaijua wewe tu.
6. Mtu wa nyumbani anajua mmeelekea wapi na mnarudi lini.
7. Jaketi okozi limo chomboni, moja kwa kila mtu. Hakuna betri inayochukua nafasi yake.

Simu ikipotelea majini, usingoje. Azima ya mwenzako, upige huduma kwa wateja mara moja akaunti ifungwe. Kisha nenda na kitambulisho chako upate laini mpya. Pesa zako hazimo ndani ya kile kifaa kilichozama; ziko kwenye akaunti, na zitakungoja.

Tunakutakia upepo mzuri na wavu mzito.