Nywele Wakati wa Kemo: Kijitabu cha Nyumba za Miono

Mgonjwa wa saratani ya matiti wa Miono hutibiwa mbali na kwao. Anapanda gari hadi Mandera, anashika barabara kuu ya Chalinze mpaka Dar es Salaam, na pale Taasisi ya Saratani Ocean Road anatundikiwa dripu. Kisha anarudi nyumbani kusubiri dozi ijayo, mara nyingi baada ya wiki 3. Kwa hiyo nywele hazinyonyoki mbele ya daktari. Zinanyonyokea huku, kwenye mto, bafuni na kwenye kitana, na watu wa nyumbani ndio wanaoziona.

Zinaanza lini

Kemo hupiga seli zinazogawanyika upesi. Za saratani ziko hivyo, na za mizizi ya nywele vilevile. Kama kuna doksorubisini, ile dawa nyekundu, karibu nywele zote huondoka, kuanzia wiki ya 2 au ya 3 baada ya dozi ya kwanza. (Mkojo nao huwa mwekundu siku moja au mbili, ni rangi ya dawa, si damu.) Siku chache kabla, kichwa huwasha na kuuma kikiguswa.

Wengi wamejiandaa kwa kichwa tu. Kumbe nyusi, kope, nywele za kwapani na za siri nazo huweza kwenda, hasa kwa paklitakseli. Kope zikiisha, vumbi la barabarani huingia moja kwa moja machoni, basi avae miwani safarini. Vinyweleo vya puani vikitoka, kamasi nyepesi hutiririka bila mafua. Abebe leso.

Nywele zipunguzwe mapema kwa mkasi au mashine. Wembe hapana, kwani kinga ya mwili imeshuka na mkwaruzo mdogo huweza kuleta maambukizi. Rasta za kubana, dawa ya kulainisha na piko visubiri. Zilizonyonyoka zikusanywe zifukiwe kama mlivyozoea. Wazee watatulia, na hakuna anayedhurika.

Kilemba cha kanga kuukuu, iliyolainika kwa kufuliwa, kinashinda wigi la bei. Hakiwashi, kinanyonya jasho na hakitelezi. Mafuta ya nazi kidogo yanatosha kwa ngozi kavu, bila kuyachemsha na majani.

Maneno ya mtaani

Watasema ana ngoma, au amerogwa. Mume, mama mkwe na mawifi ndio wa kujibu, mgonjwa apumzike. "Ni dawa, zitaota" linatosha. Watoto waambiwe kabla, na wajue kwamba haiambukizi.

Maneno haya yana hatari kubwa kuliko aibu. Wapo wanaokatiza dozi ili nywele zirudi, wakaenda kwa mganga. Nywele hurudi kweli, na uvimbe nao unaendelea kukua. Na asiyenyonyoka sana asidhani dawa yake haifanyi kazi, maana wingi wa nywele haupimi tiba.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au vipele vya usaha kichwani, haisubiri asubuhi. Nendeni kituo cha afya saa hiyohiyo, na neno la kwanza liwe: yuko kwenye kemo.

Zikirudi

Huanza kuota kati ya mwezi 1 na 3 baada ya dozi ya mwisho, na hukua kama sentimita 1 kwa mwezi au pungufu. Kwanza huja malaika, laini kama ya kichanga. Kisha huja la kushangaza: mwenye kipilipili anaota nywele za mawimbi, aliyekuwa na nywele nyeusi tii anaota mvi. Si ugonjwa kurudi. Kwa wengi hali ya zamani hurejea polepole. Anayemeza tamoksifeni akiona nywele zimekuwa chache amweleze daktari, ila vidonge asiviache.

Piko na dawa ya nywele visubiri miezi 6 hivi. Siku ya kurudia, apake tone nyuma ya sikio, asubiri siku 2. Pakiwasha au kuvimba, aiache.