Shemeji ananiuzia Hiace, makaratasi anasema yatakuja

*Mimi ni mama wa watoto watano, ninauza ndagala Kalundu. Tuko wanawake wanne, tumecheza likelemba, upatu wetu, miaka mingi. Safari hii tuliamua pesa zisiishie kwenye vitenge na masufuria, tununue Hiace ya kubeba abiria na samaki kati ya Uvira na Kamanyola. Mdogo wa mume wangu ana parkingi ya magari hapa mjini. Ametuonyesha moja nzuri, imetoka Japani kupitia Dar es Salaam, bei dola 9,000. Tumekwisha kumpa dola 1,500 mkononi, bila karatasi yoyote. Sasa anataka zilizobaki zote kabla mwezi haujaisha.*

*Gari lina plake ya Burundi. Anasema tuanze nayo kazi, ya Kongo itafuata. Karte roze, kadi ya umiliki wa gari, anasema itaandikwa jina la mume wangu kwa sababu mwanamke aliyeolewa haruhusiwi. Nilipoomba kuona makaratasi ya forodha alinuna, akamwambia kaka yake kwamba ninamwona mwizi. Mume wangu amenyamaza. Wenzangu wote wananitazama mimi. Nifanye nini?*

*Mama wa Kalundu*

Dada yangu wa Kalundu,

Usiongeze hata dola moja mpaka umeona makaratasi kwa macho yako. Shemeji anajua kwamba pesa hizo si zako peke yako. Ukidai karatasi, unatetea jasho la wanawake wanne, na hakuna mila ya kwetu inayomkataza mama kulinda mali ya wenzake aliyokabidhiwa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Tuanze na plake ya Burundi, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Gari linaloshushwa Dar es Salaam kuja kwetu husafiri chini ya karatasi za transiti, likipita Tanzania na Burundi hadi Gatumba, au likivuka ziwa kutoka Kigoma hadi bandari yenu ya Kalundu. Likifika mpakani Kavimvira au bandarini Kalundu, ni lazima litangazwe DGDA, yaani forodha ya Kongo, na kulipiwa ushuru ndipo lihesabiwe kuwa gari la Kongo. Plake ya Burundi inauliza maswali mawili. Kama gari limesajiliwa huko, kuna mtu ambaye jina lake limo kwenye karte roze ya huko: ni shemeji yako, au ni mtu ambaye hamjamwona? Sheria yetu ya mikataba, ile ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo ingali inatumika, inasema kuuza kitu cha mtu mwingine ni kazi bure, mauzo hayo hayapo. Na kama gari limeingia kwa ruhusa ya muda tu, basi siku moja litatakiwa kurudi lilikotoka au kulipiwa ushuru wote. Forodha wakilikamata Sange au Luvungi, watalikamata mikononi mwenu, abiria wakiwa ndani, na shemeji atakuwa amekaa kwenye parkingi yake.

Kwa hiyo nenda parkingi ukiwa na fundi mnayemwamini na daftari. Mwambie fundi akuonyeshe nambari ya shasi iliyopigwa kwenye chuma, uiandike herufi kwa herufi. Kisha omba karatasi na uzilinganishe moja moja na nambari hiyo. Ya kwanza ni cheti cha Japani cha kutoa gari nchini, pamoja na hati ya meli. Humo utauona mwaka halisi wa gari, na mwaka huo una maana, kwa sababu serikali ilitoa amri mwaka 2012 ya kuwekea umri magari ya mitumba yanayoingizwa nchini. Ya pili ni deklarasio ya DGDA, pamoja na karatasi ya hesabu ya ushuru na bordero ya benki. Ushuru hulipwa benki. Anayekwambia alimpa afande mkononi hana la kukuonyesha. Ya tatu ni cheti cha OCC, ofisi ya kukagua bidhaa. Herufi moja ya shasi ikitofautiana kwenye karatasi yoyote kati ya hizo, karatasi ile ni ya gari jingine.

Usitosheke na fotokopi. DGDA huandika deklarasio kwenye kompyuta yao, katika mfumo wa Sydonia. Nenda ofisini na nambari ya deklarasio, muulize afisa kama ipo na kama ni ya gari hilo. Na kwa kuwa shemeji ni mfanyabiashara wa magari, ana wajibu wa kuwapa fakture yenye jina la biashara yake, nambari yake ya RCCM, yaani ya rejista ya biashara, na nambari yake ya kodi.

Sasa neno la karte roze. Plake na karte roze hutolewa kupitia DGI, ofisi ya kodi, nazo huandikwa kwa nambari ya kodi ya mwenye gari. Kwamba mke hawezi kuandikwa, hilo limepitwa na wakati. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimdai mke ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria, lakini sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliibadilisha. Leo mume na mke wanatakiwa kupatana juu ya mikataba inayowafunga, yeye kwako na wewe kwake. Kupatana si kumwandikia yeye mali yenu. Tena fikiria wale wenzako watatu: gari likiandikwa jina la mume wako, wao wana nini mkononi siku ambayo, Mungu apishe mbali, kutatokea kifo au ugomvi katika nyumba yako?

Chagueni mmoja wenu aandikwe kwenye karte roze. Siku hiyohiyo andikeni mkataba wenu wanne kwa noteri: kila mmoja ametoa dola ngapi, faida inagawanywaje, nani anamwajiri na kumwachisha dereva, anayetaka kutoka analipwaje, na kwamba gari haliuzwi bila sahihi zenu nne. Gharama ya noteri ni ndogo kuliko kesi moja ya kugombania Hiace.

Kabla ya abiria wa kwanza kupanda, kuna asiransi. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linalazimika kuwa na asiransi ya kulipa madhara kwa watu wengine. Zamani aliyeiuza ilikuwa SONAS, kampuni ya serikali, peke yake. Tangu kanuni ya asiransi ya 2015 kampuni nyingine zimeruhusiwa pia. Mkitaka kuvuka hadi Bujumbura, ombeni na kadi ya njano ya COMESA. Ongezeni vinyeti, kontrole tekniki na ruhusa ya kubeba abiria, kwa maana karte roze peke yake haimpi mtu haki ya kufanya teksi.

Na mtazame mlango. Hiace za Japani zimetengenezwa kwa nchi zinazoendesha upande wa kushoto. Sisi tunaendesha kulia, kwa hiyo mlango wa kushoto unamshusha abiria katikati ya barabara, mbele ya malori na pikipiki. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la ndagala kichwani atashukia hapo. Muulizeni fundi na ofisi ya uchukuzi kuhusu usukani na mlango kabla ya kununua, na gharama ya kubadilisha ijadiliwe ndani ya bei.

Limebaki jambo gumu, shemeji mwenyewe. Usizungumze naye parkingi mbele ya wateja, wala usimtumie mtoto. Anza na baba watoto, usiku, kwa utaratibu: mwambie kwamba akinyamaza leo na gari likakamatwa kesho, kaka na mdogo wake hawatakula tena sahani moja. Kisha muombeni mzee mmoja wa ukoo awakutanishe, na wenzako watatu wawepo. Sema hivi: "Shemeji, tunakuheshimu, na tunataka gari lako. Pesa hizi ni za watu wanne. Tuandikie."

Siku hiyo aandike kwanza risiti ya dola 1,500 alizokwisha kupokea, yenye tarehe, nambari ya shasi, bei yote na sahihi za mashahidi. Iandikwe pia kwamba atazirudisha kama forodha haijalipwa. Sehemu ya pili ya pesa itoke mkiwa mmethibitisha DGDA, na ya mwisho itoke siku ambayo plake ya Kongo iko kwenye gari na karte roze iko mkononi mwenu. Mwuzaji ambaye makaratasi yake ni safi atakubali mpango huo, maana haumpotezei kitu. Akikataa mbele ya mzee, ombeni pesa zenu palepale na mtafute gari kwingine. Undugu wenu utapona upesi zaidi kwa dola 1,500 kuliko kwa 9,000.