Gesi Iliyojificha Ndani ya Alumini: Somo kwa Wanaorudi Kujenga Mocímboa da Praia



Ndugu wasomaji, sufuria mpya ya alumini ikijazwa maji na kuachwa usiku kucha, asubuhi huenda ukakuta chini yake pamelowa. Ufa hauonekani. Ikate kwa msumeno, sugua ukingo kwa msasa, utaona vitundu vya mviringo vimetapakaa ndani ya metali kama ndani ya mkate, vingine vidogo kuliko kichwa cha pini. Hakuna aliyevitoboa. Ni gesi iliyokuwa imeyeyuka ndani ya alumini wakati ni majimaji, ikakosa pa kutokea ilipoganda. Leo tutazame gesi hiyo inaingiaje, na fundi wa pwani asiye na mitambo aitoe vipi kabla ya kumimina kwenye kalibu.

Ninaandika nikiifikiria Mocímboa da Praia kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua. Mji ulishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ukawa mikononi mwa wapiganaji kuanzia Agosti 2020 mpaka majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipourejesha Agosti 2021. Watu wamekuwa wakirudi kwenye nyumba zilizoharibika na kazi zilizokatika. Anayerudi anahitaji sufuria, kapi, kifuniko cha mashine, rafadha ya mashua. Chakavu cha alumini hupatikana, lakini kiwanda kikubwa cha alumini cha nchi yetu, Mozal, kilichoanza kuzalisha mwaka 2000, kiko Beleluane karibu na Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Kwa hiyo chombo kitatoka kwa fundi mwenye tanuri la mkaa, au hakitatoka kabisa.

Sababu ya pili ni unyevu, na hii ndiyo kiini cha somo.

Mlango ni maji

Katika gesi zote, inayoyeyuka kwa wingi ndani ya alumini ya majimaji ni haidrojeni. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni lazima kuwe na mtungi wa haidrojeni mahali fulani. La. Haidrojeni inatoka kwenye maji. Alumini ya moto ina uchu mkubwa wa oksijeni: ikikutana na mvuke wa maji, inainyang'anya oksijeni yake na kutengeneza oksaidi, ule utando wa kijivu unaoelea juu. Haidrojeni iliyoachwa peke yake huzama ndani ya metali, atomu moja moja. Utando unauona, ukachota ukatupa. Haidrojeni huioni.

Aya ya 17 ya Surat ar-Ra'd inataja povu la madini yanayoyeyushwa kwa moto ili yawe mapambo au vyombo. Sisemi kuwa aya imekuja kufundisha uhunzi. Maana yake inajulikana kwa wanaosoma tafsiri. Naikumbusha kwa sababu fundi wetu akishaondoa povu huamini kazi ya kusafisha imekwisha, kumbe imebaki nusu, na nusu iliyobaki haina rangi wala harufu.

Sasa tazama hewa. Hewa ya nyuzi 30 za Selsiasi yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida pwani yetu wakati wa kaskazi na mvua, hubeba takriban gramu 24 za mvuke katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 40 hubeba kama gramu 7 tu. Kwa hiyo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya karakana za nchi kavu na baridi vinatupa ushauri unaotosha huko, hautoshi hapa.

Na hewa si mlango pekee. Mkaa uliolala nje hunyonya maji. Chakavu kilichokaa karibu na bahari huota unga mweupe, na unga huo una maji yaliyofungwa kikemia, hautakauka kwa kufutwa na kitambaa. Mafuta ya injini na rangi vina haidrojeni ndani yake. Chumvi inayotupwa na baadhi ya mafundi juu ya metali ili kukusanya uchafu inafaa ikiwa kavu kabisa; chumvi ya mashambani kwetu, ikiachwa kwenye gunia wakati wa mvua, hulowa yenyewe. Fundi anadhani anasafisha, naye anamwaga maji ndani ya chungu.

Hesabu ya kijiko kimoja

Kwa nini gesi hiyo isibaki tu humo ndani, bila kumdhuru mtu? Kwa sababu metali ikiganda huikataa. Kwenye nyuzi 660, ambapo alumini safi huganda, gramu 100 za majimaji zinaweza kushika mililita 0.69 za haidrojeni (gesi ikipimwa kwa nyuzi 0 na shinikizo la kawaida la hewa). Gramu hizo hizo zikishaganda zinashika mililita 0.036 tu, yaani karibu mara 20 pungufu. Ukipandisha moto mambo yanazidi: kwenye nyuzi 800 majimaji hushika kama mililita 1.67.

Chukua sufuria ya kilo 2 iliyomiminwa na metali yenye mililita 0.3 kwa kila gramu 100, kiwango ambacho karakana isiyo makini hukifikia kwa urahisi. Jumla ni mililita 6. Metali iliyoganda itabaki na 0.72, na 5.28 inatafuta njia ya kutoka. Lakini gesi hiyo iko kwenye nyuzi 660, hivyo imepanuka mara 3.4 na kuwa mililita 18, zaidi ya kijiko kikubwa cha mezani. Sufuria yenyewe ina ujazo wa mililita 741. Gesi yote ikinaswa ndani, zaidi ya asilimia 2 ya sufuria ni matundu. Kwa sufuria ya wali pengine utavumilia. Kwa rafadha inayopiga maji mchana kutwa, matundu ndiyo mahali ufa unapoanzia, nayo haitavunjika ikiwa gatini.

Mti mbichi, na mafundi wa fedha wa Ibo

Kuna desturi ya kukorogea metali kwa mti mbichi ili ichemke na kutoa uchafu. Desturi hiyo si ujinga. Ina asili yake katika shaba. Shaba iliyoyeyuka hunyonya oksijeni, na mti mbichi unapoungua ndani yake hutoa gesi zinazoiondoa oksijeni hiyo. Wasafishaji wa shaba walifanya hivyo kwa karne nyingi, tena kwa faida. Kosa ni kuihamishia kazi hiyo kwenye alumini. Mti mbichi umejaa maji. Mchemko unaouona ni mvuke, na kila povu linaacha haidrojeni nyuma yake. Hata katika shaba wajuzi hawazidishi, kwa kuwa oksijeni ikipungua sana haidrojeni hupata nafasi ya kuingia.

Mfano mwingine tunao hapa hapa Cabo Delgado. Kisiwa cha Ibo kinasifika kwa mafundi wa fedha, ambao wageni huwakuta wakifanya kazi katika ngome ya São João Baptista ya mwaka 1791, na fedha iliyoyeyushwa kutoka sarafu kuukuu ilikuwa malighafi yao. Fedha ya majimaji humeza oksijeni ya hewa kama mara 20 ya ujazo wake, kisha ikiganda huitema kwa nguvu hadi matone ya metali yanaruka. Dawa ya mafundi wa fedha popote ni kufunika: unga wa mkaa au boraksi juu ya metali, hewa isiiguse. Haja ni ile ile, ila gesi ni nyingine, na ndiyo maana dawa ya metali moja haichukuliwi kwa kubahatisha ikapewa nyingine. Swali la kwanza liwe hili: metali hii inameza gesi gani, na gesi hiyo inatoka wapi?

Kuizuia, kisha kuitoa

Kwa alumini ya pwani, nusu kubwa ya kazi ni kuzuia. Chakavu kisafishwe rangi na mafuta, unga mweupe ukwanguliwe, kisha kipangwe juu ya ukingo wa tanuri kipate moto kabla ya kuingia. Koleo, mwiko wa kuchotea na kalibu ya chuma navyo vipashwe. Hapa pana jambo la uhai pia: kipande chenye maji kikizama chini ya metali, maji hugeuka mvuke na kupanuka zaidi ya mara 1,000 kwa ghafla, na metali ya nyuzi 700 huruka usoni kwa mtu. Mkaa uwekwe ndani, juu ya mbao. Moto usizidi. Fundi anayesubiri metali iwe nyekundu ndipo aridhike amekwisha kuilisha gesi. Kwa vyombo vingi nyuzi 700 hadi 750 zinatosha, na kipimajoto cha waya ni ununuzi ambao ningeutanguliza kabla ya feni kubwa zaidi.

Metali ikiachwa itulie na ipoe polepole kuelekea kuganda, kisha ipashwe haraka na kumiminwa, sehemu ya haidrojeni hutoka yenyewe. Njia hii haina gharama, ila inategemea hewa kavu. Kwenye kusi, miezi ya Juni hadi Agosti, inaweza kusaidia. Siku ya mvua ya Februari metali inanyonya huku ikitoa.

Njia ya viwandani ni kupitisha mapovu ya agoni au naitrojeni. Inafanya kazi hivi: povu linapoingia halina haidrojeni hata chembe. Atomu za haidrojeni zilizo jirani hupenya ndani yake, huungana mbili mbili, na kupanda nalo hadi juu. Kanuni ya Sieverts inasema kiasi cha haidrojeni ndani ya metali hufuata kipeuo cha pili cha shinikizo lake kwenye gesi inayoigusa: shinikizo likishuka mara nne, kiasi hushuka mara mbili. Kwa hiyo mapovu mapya yasiyo na haidrojeni yanavuta bila kukoma. Udogo wa povu ndiyo siri yake. Povu la milimita 10 likivunjwa kuwa ya milimita 1, gesi ile ile inapata eneo la kugusana mara 10, tena mapovu madogo hupanda taratibu. Viwanda hutumia rota inayozunguka kuyavunja.

Kwetu, agoni hutumiwa na wanaochomelea alumini kwa umeme, na naitrojeni na mafundi wa viyoyozi. Bomba la grafiti lenye matundu madogo, lililokaushwa vizuri, likizamishwa hadi karibu na kitako cha chungu, linatosha kuanzia. Bomba tupu la chuma litaliwa na alumini. Mkondo uwe mpole: juu ya metali paonekane pakitikisika, pasichemke, maana kuchafua uso ni kufungua mlango uleule tuliokuwa tunaufunga. Kazi ifanyike mahali pa wazi, kwani gesi hizi zikijaa chumbani humkosesha mtu pumzi.

Vidonge vya heksakloroethani vinavyotumbukizwa kwenye metali navyo vinafanya kazi, lakini moshi wake una klorini na sumu nyingine, na Ulaya ilivizuia katika uyeyushaji wa metali zisizo chuma. Chini ya kibanda cha mabati chenye vijana watatu wasio na barakoa, sivishauri.

Utajuaje imetoka?

Viwandani sampuli hugandishwa ndani ya chombo kilichopunguzwa hewa, gesi ikavimba na kujifichua. Sisi tunahitaji mizani na ndoo ya maji. Kutoka chungu kimoja mimina sampuli mbili: moja kwenye shimo la mchanga mkavu ipoe polepole, nyingine nyembamba juu ya chuma kinene igande upesi kabla gesi haijakusanyika. Pima kila moja hewani, kisha ikiwa imening'inia ndani ya maji. Uzito wa hewani ugawe kwa tofauti ya vipimo viwili. Sampuli ya gramu 216 hewani na 132 majini inatoa 216 ÷ 84, yaani 2.57. Ikiwa ile ya haraka ilitoa 2.70, basi karibu asilimia 5 ni uwazi. Usilinganishe na 2.70 ya kitabuni moja kwa moja, kwani chakavu kina silikoni na shaba na uzito wake hutofautiana.

Kisha kata uangalie. Alumini hujikunja kama asilimia 6 inapoganda, na hilo nalo huacha mashimo, ila yana kingo za kukwaruza na hukaa sehemu nene. Ya gesi ni mviringo na laini. Wa kwanza anahitaji kalibu yenye mlango mpana wa kumiminia. Wa pili anahitaji yote tuliyoyasema.

Kwa fundi, kipimo hiki kina uzito wa kisharia pia: aibu ya bidhaa ikishajulikana kwa muuzaji, mnunuzi ana haki ya kuambiwa, na kugongomea vitundu kwa nyundo kisha kupaka rangi ni ghishi.

Wenzetu wa kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Lúrio, Pemba, mna kazi nyepesi ya mradi hapa: fundi mmoja, sampuli mbili kila Jumamosi, unyevu wa hewa ukiandikwa pembeni, kuanzia katikati ya kusi hadi mwisho wa mvua. Jedwali hilo mpelekeeni fundi mwenyewe, kwa lugha anayoisoma.