Gari la Umeme kwa Usharika wa Choma: Tupime Kabla ya Kuomba

Katika robo hii tulipokea swali kutoka Choma, wilayani Igunga. Marafiki wa usharika huo walioko ng'ambo wako tayari kuchangia gari la familia aina ya SUV, mradi liwe la umeme. Kamati ikatuuliza: tukubali? Kwa kuwa sharika nyingine nazo zitakutana na swali hili, tumelifanya kuwa somo la toleo hili.

Tuchukue gari moja halisi, BYD Atto 3, ambalo limeshaingia katika soko la Kenya na Rwanda. Hubeba watu watano. Lile lenye betri kubwa huweka akiba ya uniti 60 za umeme, na kwa vipimo vya Ulaya huenda kilometa 420. Likiwa na abiria, mizigo na kiyoyozi, tena katika mwendo wa barabara kuu, sisi tungepanga safari kwa kilometa 300 na si zaidi.

Kwa gharama za mwendo gari hili linavutia kweli. Bei ya umeme ya kundi la T1 iliyopangwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Kujaza betri ni kama shilingi 21,500, na tuseme 24,000 kwa sababu umeme kidogo hupotea wakati wa kuchaji. Land Cruiser ya mkonga inayokwenda kilometa 8 kwa lita itakula zaidi ya lita 37 kwa kilometa hizo 300. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni zaidi ya 110,000. Tena gari la umeme halina oili ya injini ya kubadilisha.

Lakini angalieni LUKU yenu. Nyumba iliyo kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti kwa sababu haizidi uniti 75 kwa mwezi. Chaji moja tu inakaribia kumaliza kiasi hicho. Mtahamishiwa T1, na taa na friji ya mchungaji navyo vitalipiwa bei hiyo. Kwa soketi ya kawaida, kujaza betri huchukua zaidi ya saa 24. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 hufanya kazi hiyo kwa saa 9 au 10, ila inataka waya wake peke yake, fundi anayejua, na umeme usiokatika usiku kucha.

Sasa tupige hesabu ya njia. Tabora hadi Nzega ni kama kilometa 115, kwenda na kurudi 230. Zinabaki 70 za kutoka Nzega hadi Choma na kurudi Nzega, nazo hazitoshi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani walipanga safari kwa kambi zenye maji na chakula. Aliyekosea kambi alilala njaa. Kambi yetu hapa ni soketi ya Choma, na umeme ukikatika mgeni wa dayosisi atalala huko huko.

Jambo zito zaidi ni udongo. Ukiacha lami unaingia mbugani, kwenye udongo mweusi ambao mwezi wa pili hushika tairi kama ulimbo. Atto 3 huvutwa na magurudumu ya mbele tu, na tumbo lake liko sentimita 17.5 kutoka ardhini, betri ikiwa humo humo chini ya sakafu. Kamati ilituandikia kwamba kazi ya kwanza ya gari ni kumfikisha mama mjamzito hospitali ya Nkinga usiku. Kwa kazi hiyo, katika msimu huo, hatuwezi kulipendekeza.

Tunasema hivi tukikumbuka gari moja la msaada, zuri sana, lililokaa chini ya mwembe miezi mingi likisubiri kifaa ambacho hakikupatikana nchini. Hilo lilikuwa la dizeli, ambalo kila gereji ya Nzega hulijua. Betri yenye umeme wa volti mia kadhaa haifunguliwi na fundi wa kubahatisha.

Ushauri wetu kwa Choma ni kuwajibu marafiki kwa shukrani, na kuwaomba waondoe sharti. Gari la umeme lingefaa ofisi ya Tabora mjini, linakozunguka mchana na kulala nyumbani. Kwa Choma, Land Cruiser iliyotumika yenye spea za kueleweka ndiyo itakayofika Nkinga.

Wafadhili wanaojali mazingira tunawaelewa. Wakitaka Choma ipate nguvu ya jua, zahanati na kisima vina kazi nayo kesho asubuhi.

Kamati zinazofikiria gari lolote, la umeme au la dizeli, zifungue daftari kwa siku 30: kila safari, kilometa, abiria, mzigo, hali ya barabara, na saa ambazo umeme ulikatika. Mje nalo kwenye kikao kijacho.