SOMO LA KIKUNDI: Maji Yanapovunja Desturi



Sisi watu wa pwani tunajua kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu. Lakini iko siku bahari hupanda au kushuka ghafla, kwa dakika chache tu, na tetemeko la ardhi hakuna. Chanzo ni hewa.

Tuone mfano wa bandari nyembamba ya Ciutadella, kisiwa cha Menorca, Hispania. Tarehe 15 Juni 2006 maji yalishuka ghafla karibu mita 4. Mashua zikakaa chini. Baadaye kidogo maji yakarudi kwa nguvu na kukata kamba. Mashua zaidi ya 40 ziliharibika au kuzama. Wenyeji huliita jambo hili rissaga.

Inakuwaje? Hewa ina uzito, nayo inakandamiza bahari. Uzito ukibadilika ghafla, maji husogea sentimita chache tu. Hiyo peke yake si kitu. Lakini hewa hiyo ikisafiri kwa mwendo sawa na wa wimbi, hulisukuma mfululizo, kama mtoto kwenye pembea: ukimsukuma kwa wakati wake, anazidi kupanda. Wimbi likiingia ghuba nyembamba, maji hayana pa kwenda ila juu.

Hata maziwa hayakusalimika. Tarehe 26 Juni 1954, dhoruba ilivuka Ziwa Michigan, Marekani. Huko Chicago hali ilikuwa imeshatulia na watu wanavua samaki. Kumbe wimbi lilikwisha gonga ng'ambo, sasa linarudi. Watu 8 walikufa maji.

Basi tufanye nini?

1. Maji yakitoka ghafla wakati si wake, usifuate samaki waliobaki. Kimbia mahali pa juu, uite na wenzako.
2. Dhoruba ikipita, usiharakishe kurudi majini. Mbingu kutulia si maji kutulia.
3. Akina mama wanaotafuta pweza mwambani wasiende wote kuinama. Mmoja abaki akitazama bahari.
4. Sikilizeni habari za hali ya hewa redioni kabla ya kutoka.

Maswali ya kujadili:
(a) Wazee wetu wamewahi kuona maji ya namna hii? Waulizeni.
(b) Kwetu mahali pa juu ni wapi, na mgonjwa au mlemavu atafikishwa na nani?

Swali hili la mwisho msiliache bila jina la mtu. Mungu hutulinda, nasi tulindane.