Shamba Limechoka: Maswali ya Wakulima Kuhusu Udongo na Viumbe Wake

Msimu wa kuandaa mashamba ukikaribia, malalamiko huwa yaleyale, iwe ni Mbinga, Babati au Busia. Mavuno yanapungua, mbolea inapanda bei, viduha vimejaa kwenye mahindi, na mvua ikinyesha inaondoka na udongo. Yafuatayo ni maswali yanayorudi mara nyingi, na majibu ambayo mkulima wa ekari moja au mbili anaweza kuyajaribu kwa jembe lake mwenyewe.

Nitajuaje kama udongo wangu umechoka kweli?

Chukua bonge la udongo lenye ukubwa wa yai kutoka katikati ya shamba. Chukua jingine kutoka mpakani au chini ya mti, mahali ambapo jembe halijafika kwa miaka mingi. Yaanike yote mawili mpaka yakauke vizuri, kisha yatumbukize taratibu katika glasi mbili za maji. Kama shamba limechoka, bonge lake huanza kumeguka ndani ya dakika chache na maji yanageuka tope. Lile la mpakani hubaki limeshikana, na maji yake yanabaki karibu masafi.

Kinacholishika ni kazi ya viumbe. Bakteria hutoa ute unaonata, kuvu hutandaza nyuzi nyembamba, minyoo hula udongo na kuutoa ukiwa punje punje, na mizizi hufunga kila kitu pamoja. Viumbe hao wakifa njaa, gundi hiyo hupotea. Matone ya mvua yakipiga udongo wa namna hiyo, vitundu vya juu huziba na maji hutiririka badala ya kuzama. Ndiyo maana kati ya mashamba mawili yaliyopata mvua sawa, moja hunyauka wiki ya kwanza ya jua.

Chimba pia shimo dogo, chini kidogo ya pale jembe linapoishia. Mara nyingi utakuta tabaka gumu, na mizizi ya mahindi ikifika hapo hupinda na kutambaa pembeni. Vipimo vya maabara bado vina kazi yake, maana tindikali na upungufu wa virutubisho havionekani kwa macho. Ila usingoje maabara ndipo uanze kuutazama udongo wako.

Kuchoma masalia kuna ubaya gani, mbona mwaka wa kwanza mazao hustawi?

Ni kweli hustawi. Majivu yana potasiamu, kalsiamu na fosforasi, na mmea huvipata mara moja. Lakini naitrojeni nyingi na salfa huondoka na moshi, na chakula ambacho viumbe wa udongo wangekila miezi kadhaa huteketea kwa siku moja. Ardhi hubaki uchi, na mvua ya kwanza hukuta hakuna cha kuizuia. Hata yale majivu huishia mtoni.

Nalima mlimani kwenye mteremko mkali. Nifanyeje?

Hapa hatuna haja ya kwenda mbali. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wamelima milima yao kwa ngoro tangu kabla Wajerumani hawajafika, na miteremko hiyo inatoa mazao mpaka leo.

Mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi za shamba lililopumzishwa hukatwa kwa nyengo na kuachwa zinyauke. Kisha hupangwa katika mistari inayokatana, mraba baada ya mraba, mpaka mteremko mzima. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufukiwa juu ya zile nyasi. Unapata shimo lenye upana wa karibu mita moja na nusu, limezungukwa na kingo nne zenye nyasi ndani yake. Maharage hupandwa juu ya kingo hizo, na mvua za msimu unaofuata zikija hupandwa mahindi. Magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni, yakaoza humo pamoja na udongo uliosombwa na maji. Mzunguko ukianza upya, shimo huchimbwa pale palipokuwa na kingo, na kingo hujengwa pale palipokuwa na shimo. Kwa hiyo mbolea haihami shambani, inabadilisha nafasi tu.

Maji yanayoshuka hukutana na shimo kila baada ya hatua mbili, hayapati mwendo wa kuchimba korongo. Ni kazi ngumu, na hilo lisifichwe: kwa desturi wanaume hukata na kupanga nyasi, lakini kuchimba na kufukia kumebebwa zaidi na wanawake. Kijiji kinachotaka kuiga ngoro kijadili kwanza nani atashika jembe.

Nikichanganya mazao, mahindi hayatapungua?

Inategemea unachanganya na nini. Mbaazi ni rafiki mzuri wa mahindi kwa sababu huanza polepole. Mahindi yakiwa yanakimbia, yenyewe bado iko chini. Mahindi yakivunwa, inapata jua na kuendelea kukua kwa unyevu uliobaki, ikishusha mizizi mirefu inayosaidia kupenya lile tabaka gumu. Majani yake yakipukutika huwa matandazo.

Jamii ya kunde kwa jumla hushirikiana na bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi na kunasa naitrojeni ya hewani. Usiamini kwa kusikia tu. Mmea ukikaribia kutoa maua, ng'oa mche mmoja taratibu na mizizi yake, upasue kinundu kwa ukucha. Ukiona rangi ya waridi au wekundu ndani, bakteria wako kazini. Ukiona weupe au kijani, kuna tatizo, na inafaa kumuuliza afisa ugani kuhusu kuchanganya mbegu na bakteria maalumu kabla ya kupanda.

Tahadhari moja ya soko: mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza kutoka nje, bei huku kwetu iliporomoka na wakulima waliotegemea zao hilo pekee waliumia. Panda mbaazi kwa ajili ya udongo na chungu cha nyumbani pia, usiangalie mnunuzi wa mbali peke yake.

Anayetaka kuona mchanganyiko uliokomaa atembelee kihamba cha Kilimanjaro. Juu ipo miringaringa na miruka, chini yake migomba, kisha kahawa, halafu magimbi na mboga; ng'ombe yupo zizini na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba. Watafiti wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya Wachagga, mingi yake ikiwa haikupandwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Inasikitisha kuona vihamba vikikatwa vipande vya viwanja.

Viduha na bungua wananimaliza. Kuna njia isiyo ya dawa?

Ipo, na imezaliwa hapahapa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kiliianzisha katika miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya, karibu na Ziwa Victoria, kwa kushirikiana na watafiti wa Kenya na Uingereza. Inaitwa sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa, na kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, ambayo wengine huyaita majani ya tembo. Harufu ya desmodiamu humfukuza nondo wa bungua asitage kwenye mahindi. Harufu ya mabingobingo humvuta, akataga huko, na viwavi wake wengi hufa kwenye utomvu unaonata wa majani hayo.

Kwa kiduha kazi hufanyika chini ya ardhi. Mche mmoja wa kiduha hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, zinazoweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikisubiri mzizi wa nafaka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali inayoziamsha mbegu hizo, kisha nyingine inayozizuia zisijishike kwenye mahindi. Zikishachipua bila kupata wa kumnyonya, hufa. Msimu hadi msimu hazina ya mbegu udongoni hupungua, huku ng'ombe akipata malisho pande zote mbili.

Ugumu uko mwanzoni. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana na bei yake si ndogo, na miche yake michanga humezwa upesi na magugu. Ukipuuza palizi ya msimu wa kwanza, utasema njia haifanyi kazi. Desmodiamu ikishashika, unaweza kukata vipande vya mashina na kuvipanda sehemu nyingine bila kununua tena.

Mbolea ya dukani inaua udongo?

Haiui kwa kuwapo kwake. Tatizo ni kuitegemea peke yake, miaka nenda miaka rudi, bila kurudisha masalia wala samadi. Baadhi ya mbolea za naitrojeni, zikitumika hivyo, huongeza tindikali. Hapo mmea hushindwa kuchukua fosforasi hata ukiimwaga, na dawa yake ni chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichopimwa. Kiasi kidogo cha mbolea ya dukani pamoja na samadi iliyoiva huleta faida kuliko kila kimoja peke yake.

Na dawa za wadudu?

Kiwavijeshi vamizi alipoingia nchini mwetu na Kenya mwaka 2017, wengi walikimbilia bomba la dawa. Lakini siafu, nyigu, buibui na wale mbawakawa wekundu wenye madoa meusi humla kila siku bila malipo, na dawa inayoua kila kitu huwaua wao pia. Kagua shamba kwanza. Ikibidi kupiga, piga jioni nyuki wakisharudi mzingani, wala usipige kwenye maua. Boga, tikiti na tango havizai bila mdudu wa kubeba chavua. Kwa mkulima wa mazao hayo, kuua nyuki ni kuua mavuno yake.

Nikiacha mabua shambani, ng'ombe huyamaliza. Nifanyeje?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, na mtaalamu anayelipita haraka hajakaa kijijini. Baada ya mavuno mashamba mengi hugeuka malisho ya wote, na mtu mmoja hawezi kulizuia hilo. Linahitaji mkutano wa kijiji na sheria ndogo zinazotaja tarehe na mashamba yanayofungwa, wafugaji wakiwamo tangu mwanzo. Malisho yapandwe kwenye mipaka na kingo za makinga maji ili ng'ombe naye apate chake. Pale ambapo mapatano bado, funika hata robo ekari iliyo karibu na nyumba, kwa mabua, majani ya migomba au nyasi zilizokatwa kabla ya kutoa mbegu. Msimu wa pili rudia lile jaribio la glasi mbili, ukilinganisha sehemu iliyofunikwa na ile iliyobaki wazi, na uwaonyeshe majirani kabla ya mkutano unaofuata.