Mchungwa Ndani ya Ndoo

Mkazi asiye na kiwanja aweza kuotesha mchungwa kwenye ndoo kubwa yenye matundu chini, iliyowekwa penye jua. Miti ya namna hii hufa zaidi kwa maji kuliko kwa kiu. Majani yakigeuka manjano, mwenyewe huzidisha kumwagilia. Kumbe mizizi inaoza kwa kukosa hewa! Chomeka kidole udongoni. Pakiwa na unyevu, subiri. Ndoo nayo na iinuliwe juu ya mawe, maji yapate kutoka.

Mche uliobebeshwa mara nyingi husimama juu ya shina la mlimau. Machipukizi yaotayo chini ya kiungo yang'olewe yangali machanga. Yakiachwa, hunyonya chakula chote, mchungwa hudhoofika, na mwenye ndoo huishia kuvuna malimau.